Yai la Mama Mkwe na Dhahabu Iliyogandamana

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mzee wa Funguo, mtunza stoo wetu, anastaafu. Katutangazia asubuhi huku akifuta miwani, kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha. Stoo ya maabara, friji, kabati la asidi, na ile meza ya dirishani yenye kiti kinachozunguka, vyote vitabaki bila mwenyewe ifikapo mwisho wa mwezi. Nimekitamani kiti hicho tangu nilipoajiriwa kuosha chupa. Niliwahi kukikalia Mzee alipokwenda msalani. Kinazunguka vizuri sana.

Wanaostahili kushika funguo ni wawili tu. Mimi, na wifi yangu. Ndiyo, wifi, dada wa mume wangu, anayelala chumba cha nyuma nyumbani kwetu, na ambaye mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwombea kazi hapa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Daktari, mkuu wetu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, katoa mtihani. Kila mmoja atengeneze chupa yake ya dhahabu nyekundu, aivishe protini, na Ijumaa, mbele ya wageni kutoka hospitali, zote mbili zitatiwa chumvi. Chupa itakayobaki nyekundu, mwenyewe anachukua funguo.

Niiandike hapa sayansi yenyewe, nionekane mtu makini nitakapokufa. Dhahabu ikiwa chembe ndogo kupita vumbi, ndogo hata darubini yetu haizioni, haiwi ya njano tena. Ndani ya maji inakuwa nyekundu ya kupendeza. Ni nyekundu kwa sababu chembe zimekaa mbalimbali. Zote zina chaji ya aina moja, basi zinasukumana, kila mtu na kwake. Ukitia chumvi, kusukumana kunakwisha. Zinakumbatiana, zinafanya madonge, rangi inageuka zambarau, na mwisho zinazama chini. Lakini kila chembe ikivikwa koti la protini, chumvi haifui dafu. Basi. Mtoto wa chekechea anaweza.

Jioni mezani. Sikukusudia! Mama mkwe aliuliza habari za kazi, na mdomo ukaniponyoka. Nikasema Mzee anastaafu na funguo nimepewa mimi. Mama akaweka kijiko chini, akamshukuru Mungu, akaniita mkwe wa kupigiwa mfano. Mume wangu akapiga makofi. Kabla sahani hazijaondolewa jirani wa kushoto alishapata habari kupitia dirishani, na wa kulia alikuwa anauliza sherehe ni lini.

Wifi alikuwa pale pale, mbele yangu. Alinitazama kwa muda. Kisha akaomba apitishiwe chumvi.

Ananidharau! Haidhuru. Sasa sina njia nyingine, ama nipate funguo, ama nihame mtaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimepika dhahabu. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, manjano hafifu kama chai ya mgonjwa. Unatia sitrati, dawa ya jamii ya ndimu. Unangoja. Rangi inapotea kabisa na moyo unakupotea nayo. Halafu inakuwa ya kijivu, halafu nyeusi nyeusi, unaanza kutunga barua ya kuomba radhi, na ghafla, nyekundu! Nimepiga kigelegele. Daktari kachungulia mlangoni, kauliza kama kuna aliyejifungua.

Wifi aliosha chupa yake kwa asidi, akaisuuza, akaisuuza tena, akainyanyua kwenye mwanga, akaisuuza. Yangu niliipangusa kwa pindo la koti. Zote zimetoka nyekundu sawasawa. Nani sasa aliyepoteza asubuhi yake?

Tumezifunga chupa zetu karatasi ya foili zisipigwe na mwanga, tukabandika plasta. Wifi kaandika kwa kalamu ya bluu, herufi za duara kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mimi nyekundu. Zimelala friji moja, bega kwa bega.

Limebaki koti. Kuna kopo la albumini, protini ya damu ya ng'ombe, unga mweupe. Wifi kaomba nyingi. Mzee wa Funguo kamwuliza kama anataka kuiogesha hiyo dhahabu. Wifi akajibu kwa upole kwamba koti lisilofunika mgongo si koti. Hapo Daktari akatoa maelezo marefu kuhusu protini zinapokuwa chache, na mikono miwili, na jinsi donge linavyoanza. Sikufuatilia yote. Nilikuwa natazama kiti.

Mimi sitaki unga wa kopo. Unga wa kopo umekaa huko tangu nina kiuno chembamba. Nimepata wazo ambalo halijawahi kumjia mtu yeyote katika jengo hili. Protini safi! Protini ya leo leo! Yai ni nini kama si protini? Na nani ana kuku uani?

Mama mkwe.

Jumatano, 5 Machi

Kuku wa Mama anaitwa Jemadari. Jina kampa Mama mwenyewe, na hakukosea. Nilimwendea kwa heshima zote asubuhi, nikamwambia shikamoo, nikapitisha mkono chini yake. Kanidonoa kidole, kiwiko, na mahali ambapo sitapaandika. Lakini yai nikatoka nalo, la moto, mfukoni mwa koti la maabara. Nyuma yangu nikamsikia Mama anauliza uani kulikoni. Nikamjibu ni paka. Maskini paka, katupiwa ndala.

Maabara. Nikavunja yai, nikatenga ute, nikaficha ganda mfukoni, nikafungua chupa yangu. Nyekundu yake! Ningeweza kuinywa. Nikachukua pipeti, nikavuta ute kidogo. Kidogo tu, mimi si mbadhirifu kama watu fulani. Tone moja.

Ilianza pembeni, wingu dogo. Likatanda. Mbele ya macho yangu dhahabu yangu ikageuka zambarau, kama jicho lililopigwa ngumi!

Nikatikisa. Ikazidi. Nikaongeza ute, labda koti lilikuwa fupi. Yakatokea manyuzi meupe yanaelea. Nikapasha moto. Sijui kwa nini nilipasha moto. Chumba kizima kikanukia kifungua kinywa. Daktari akapita koridoni, akasimama, akauliza nani anapika. Nikasema Mzee wa Funguo. Mzee alikuwa nyuma yake.

Nikaifunga chupa foili, nikairudisha friji, nikaingia stoo, nikakaa juu ya katoni ya glovu, nikalia. Nililia kweli. Nilimwona Mama anawaambia majirani kwamba mkwe wa kupigiwa mfano ni mwongo. Nilimwona mume wangu, aliyepiga makofi, hana pa kuiweka mikono yake.

Wifi akaingia kuchukua karatasi za kuchujia. Kaniuliza nina nini. Nikasema mafua. Akanitazama, akatazama koti langu lenye ute kifuani, akatoa leso yake, akanipa, akatoka. Leso imepigwa pasi. Nani anapiga leso pasi?

Nimemfikiria sana huyu mtu leo. Nilipojifungua kifungua mimba wangu na homa ikanishika, ni yeye aliyefua nepi, na mpaka leo hajawahi kulitaja. Hata hivyo, funguo ni funguo.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaondoka nyumbani alfajiri bila chai. Anajipendekeza kwa Daktari, hana lolote. Mimi nimekunywa chai yangu na yake, nikapanga mambo.

Mpango ni mwepesi mno, naona aibu kuuandika. Chupa mbili. Zimefanana. Zote zimefungwa foili, hakuna anayeona ndani. Kinachozitofautisha ni plasta tu. Bandua hii, bandika pale. Bandua ile, bandika hapa. Chupa nyekundu inakuwa yangu, na ile zambarau inakuwa ya mtu mwenye leso nzuri.

Tatizo lilikuwa Mzee wa Funguo, ambaye hula chakula chake cha mchana ameegemea friji kwa sababu mgongo wake unapenda ubaridi. Nikamwambia kuna mtu anamwita getini. Akauliza mtu gani. Nikasema mwanamke. Sijawahi kumwona Mzee akitembea kasi ile.

Friji ikafunguka. Plasta zilibanduka kirahisi ajabu, hata pembe zake zilikuwa zimeinuka kidogo, kama vile zilikuwa zinaningoja. Bahati ikiwa yako ni yako! Nikabadilisha. Nilitaka kufunua foili nihakikishe, lakini nikasikia viatu vya Mzee vinarudi, na kwa mlio wake havikumpata mwanamke yeyote. Nikafunga friji, nikaanza kuimba.

Roho imenisuta kidogo mchana. Nikaituliza. Nikaiambia nikishika funguo nitamfanya wifi msaidizi wangu mkuu, nitampa kabati la chini, lile lisilofungika vizuri.

Jioni kaniwekea kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yangu, chake. Kanitabasamia! Kaniambia nilale mapema, kesho siku yangu. Nikamshukuru huku kimawazo nakitafuta kisu alichoficha mgongoni. Mtu hatoi nyama bure.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilivaa gauni langu la harusi za watu. Wageni walikuwa matroni mmoja mrefu mwenye saa kifuani, na madaktari wawili waliosimama nyuma yake kama watoto wa shule. Daktari wetu akaeleza kwamba tunachunguza jinsi protini zinavyoishi na dhahabu, ili siku moja tone la mkojo wa mgonjwa libadilishe rangi ya chupa na kutuambia figo zake zina hali gani. Matroni akasema yeye anataka kuona, kusikia amechoka.

Nikaomba chupa yangu itangulie. Mimi mwenyewe niliomba! Nikasogea mbele, nikaishika foili kama mtu anayefunua bibi harusi, nikaivuta.

Zambarau. Manyuzi meupe yanaelea. Na harufu.

Nikasikia saa ya matroni. Niliyatazama yale manyuzi, nilikuwa nayajua moja moja. Ilikuwa chupa yangu. Chupa yangu mwenyewe, ya mimi, niliyoibadilisha kwa mkono wangu! Nikageuka kumtazama wifi. Yeye alikuwa amebaki mdomo wazi kuliko mimi, macho yanatoka chupa hadi plasta, plasta hadi chupa, kama mtu aliyeweka sukari akaonja chumvi.

Daktari akafunua ya pili, yenye plasta ya maandishi ya bluu. Nyekundu. Akamimina chumvi. Nyekundu. Akamimina tena. Nyekundu, haina habari. Kisha akanigeukia mimi, taratibu, na mtu asiyependa maneno alikuwa ameyapata.

Ndipo wifi akasema. Akasema, kwa ile sauti yake ya kupiga leso pasi, kwamba tulikubaliana hivyo. Moja ionyeshe dhahabu iliyovishwa, nyingine ionyeshe iliyogandamana, maana asiyeona ugonjwa hataujua uzima. Wifi yake, yaani mimi, ndiye aliyejitolea kuonyesha ile mbaya, kwa kuwa ndiyo ngumu kueleza.

Matroni akafurahi! Akasema ya kwanza kumweleza kitu ni hii, kwani ile nyekundu alichoona ni kitu chekundu kilichobaki chekundu. Akaniomba nieleze.

Nieleze. Mimi!

Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Yakatoka maneno ya Daktari ya Jumanne, ambayo kumbe sikio lilikuwa linayaokota wakati jicho liko kwenye kiti. Nikasema, tuseme nyumba ina watu wawili ambao hawapendi kukaribiana. Leta mama mkwe mmoja. Atamshika huyu kwa mkono huu, yule kwa mkono ule, na hapo hakuna atokaye. Wakija wengine watashikwa pindo, mpaka nyumba nzima ni donge moja. Hiyo ni protini chache. Lakini leta mama wakwe tele, kila mtu azungukwe na wake pande zote. Nani atamfikia mwenzake? Hata mumwage gunia la chumvi. Hiyo ni protini nyingi.

Matroni alicheka mpaka saa ikaruka kifuani. Mmoja wa wale madaktari wawili akauliza hayo manyuzi ni nini. Nikasema ute wa yai. Daktari wetu akafumba macho kidogo, akaongezea kwamba ute wa yai una protini yenye chaji kinyume na ya dhahabu, kwa hiyo inazivuta chembe kama sumaku, tone moja tu linatosha kuharibu chupa. Akauliza ni nani aliyekuwa na wazo hilo. Mzee wa Funguo akaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Wageni walipoondoka, funguo akapewa wifi. Chupa yake ilibaki nyekundu, hakuna kesi hapo. Kwangu Daktari akasema wageni wakija tena nitaeleza mimi, mdomo wangu umepata kazi hatimaye. Na kwamba nikitaka kupika mayai, kantini iko chini.

Tukabaki stoo wawili. Nikamwuliza wifi imekuwaje. Akakaa juu ya katoni ya glovu, ile ile. Akaniambia Jumatano alifungua foili yangu akaona maafa. Alhamisi alfajiri akaja akabadilisha plasta, ile nyekundu nzuri akanipa mimi, akachukua zambarau yeye. Nikamwuliza kwa nini. Akasema alinisikia nikimwambia Mama. Akasema aibu yangu ingemkaa kooni kuliko hizo funguo zingemkaa mkononi. Kisha akauliza yeye sasa: plasta zilirudi vipi mahali pake?

Nilitazama dari.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaitafuta ile leso. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akateleza kwenye katoni, akawa chini sakafuni anapiga glovu kofi. Nami nikaanza. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema, na wewe umeingia kisima nilichokwisha kufukia. Mzee wa Funguo alichungulia, akafunga mlango polepole, kama anayeona kustaafu kumekuja kwa wakati.

Nampenda huyu mwanamke. Naandika waziwazi, na kama kuna atakayeisoma shajara hii, asimwambie.

Getini nyumbani majirani walikuwa wamejaa, wa kushoto na wa kulia. Nikajificha nyuma ya wifi. Wifi akanitia funguo kiganjani, akaninong'oneza: "Ingia nazo wewe, dada. Jumatatu utanipa." Nikaingia nazo. Mama akazishika, akazibusu, akatangaza kwamba Jemadari atachinjwa. Nikampigia magoti Mama amwachie kuku uhai wake. Wote wakasema nina huruma.

Baadaye jikoni, nikiosha sahani, Mama akaja na ganda la yai. Kalikuta kwenye mfuko wa koti langu alipolifua. Kasema hajawahi kuona paka anayevaa koti. Halafu akanipapasa mgongo, akasema funguo hizo hata mkononi mwa binti yake zingependeza, familia ni moja. Akaenda kulala.

Anajua! Tangu lini?

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko. Nimetafakari kwa kina na nimebadilika. Naapa hapa, sitamfanyia wifi hila tena. Mtu aliyekuvika koti lake hadharani huwezi kumvua nguo. Nimempigia leso yake pasi. Nimeiunguza kidogo pembeni, lakini nia ni ileile.

Leo mchana kaniambia habari. Matroni kampigia Daktari simu. Hospitali wanataka mtu wa kwenda kukaa kwao mwezi mmoja, kuwafundisha wauguzi dhahabu. Atapewa koti jipya na jina lake limeandikwa mfukoni. Daktari ataangalia nani ametengeneza chupa imara zaidi Ijumaa ijayo. Wifi akasema safari hii tufanye pamoja, chupa moja, albumini nyingi, anifundishe kuosha kwa asidi. Nikamkubalia. Nikamshika mkono. Machozi yalinilengalenga.

Halafu nikatoka uani kupunga upepo, nikamkuta Jemadari ametaga. Tulitazamana. Hakunidonoa, anajua nani aliyemwokoa. Na pale pale, nikiwa na yai la moto kiganjani, nikaona kosa langu lote, waziwazi, kama nimevaa miwani ya Mzee. Jumatano nilitumia ute.

Sikutumia kiini!

Wifi hana haja ya kujua. Itakuwa zawadi kwake, nitashinda halafu nitamwita tufurahi wote. Hii si hila, ni utafiti.

Jioni mezani Mama aliuliza habari za kazi. Mdomo ukaniponyoka. Nikasema hospitali wamenichagua mimi. Mama akaweka kijiko chini, akamshukuru Mungu. Mume wangu akapiga makofi. Dirishani nikasikia jirani wa kushoto akimwita wa kulia.

Wifi alinitazama, akautazama mfuko wa gauni langu ulivyotuna. Kisha akaomba apitishiwe chumvi.